Anemoni Mpya Tangini: Funika Pampu, Tuliza Maji, Kisha Toa Mikono

Anemoni ni mnyama wa baharini asiye na mfupa wala gamba, anayefugwa kwenye tangi la maji ya chumvi. Ni mfuko wa misuli uliojaa maji: juu una mdomo mmoja unaomeza chakula na kutema uchafu, chini una mguu mmoja wa kujishikiza. Hana cha kumkinga akiumia, na akifa huyeyuka na kuchafua tangi zima usiku mmoja. Kwa hiyo kazi kubwa ya kumkaribisha hufanyika kabla hajaletwa nyumbani. Inayobaki, ambayo ndiyo huwashinda wengi, ni kumwacha.

Maelezo haya yanamhusu hasa anemoni wa vibofu, Entacmaea quadricolor, yule ambaye ncha za minyiri yake hutuna kama vibofu vidogo. Huishi katika Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwemo, huvumilia makosa madogo kuliko jamaa zake, na hufikia upana wa sentimita 30 hivi. Lita 150 zinamtosha akiwa peke yake, ingawa 200 na zaidi ni afadhali. Anemoni zulia wa jenasi Stichodactyla na Heteractis magnifica wanapendeza ajabu, lakini wanataka tangi kubwa, taa kali na mkono uliozoea. Usianze nao.

Umri wa tangi na vipimo vyake

Tangi liwe limefanya kazi miezi 6 mfululizo, na mwaka mzima ni bora. Katika tangi changa bakteria hawajaenea vya kutosha, amonia hupanda kila unapoongeza samaki, alkali huyumba, na mwani hubadilika kila wiki. Matumbawe laini husamehe kuyumba huko. Anemoni hasamehi.

Lenga joto la nyuzi 25 hadi 26, uzito wa maji 1.025 hadi 1.026, yaani chumvi ya gramu 35 kwa kila kilo ya maji, pH kati ya 8.0 na 8.4, alkali dKH 8 hadi 9 (dKH ni kipimo cha alkali majini), kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na magnesi karibu 1,300. Amonia na nitriti ziwe 0. Nitrati ya miligramu 2 hadi 10 haina neno; maji yasiyo na nitrati wala fosfati hata chembe humdhoofisha. Kinachomsumbua zaidi ni kuyumba kwa namba kuliko namba yenyewe. Tangi linalokaa nyuzi 25.5 usiku na mchana linamfaa kuliko linalopanda hadi 27 saa nane mchana na kushuka hadi 23 alfajiri.

Shaba isiwepo kabisa. Ukinunua tangi la mkono wa pili, muuliza mwenyewe kama aliwahi kutibu samaki humo kwa dawa yenye shaba. Mawe yaliyofyonza dawa hiyo huendelea kuitoa polepole, na anemoni ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuonyesha.

Maji ya mfereji na maji ya kisima

Maji ya jiji hutiwa klorini, na visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi pamoja na madini mengine. Yote mawili yapite kwenye mashine ya RO, inayochuja maji kwa kuyasukuma kwenye utando, yenye resini ya DI ya kunasa madini yaliyobaki mwishoni, hadi kipima TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0.

Hapa ndipo watu hupoteza fedha. Utando wa RO unataka presha ya bar 3 hadi 4. Tangi la maji lililo juu ya paa, mita 6 kutoka bomba lako, linakupa bar 0.6 tu, kwa sababu kila mita 10 za kimo ni bar 1. Utaona maji safi yakidondoka tone baada ya tone, mengine yote yakikimbilia kwenye mtaro, na TDS ikikataa kushuka. Halafu utalaumu vichujio na kununua vingine. Tatizo ni presha. Funga pampu ndogo ya kuongeza presha kabla ya utando na shida imeisha. Maji ya kisima humaliza resini haraka zaidi, kwa hiyo pima TDS kila unapochota, si mara moja kwa mwezi.

Chumvi ya akwariamu huchukua gramu 36 hadi 38 kwa lita, kwa kuwa ina unyevu wake. Changanya siku moja kabla, pampu ikizungusha na hita ikiwa imewashwa, kisha pima kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi.

Maji yanayokauka huacha chumvi nyuma. Januari na Februari, hewa ya Nairobi ikiwa kavu, kima cha maji hushuka wazi. Bandika kipande cha tepu kwenye kioo kuonyesha kima na ujazie kwa maji ya RO kila siku, usijazie kwa maji ya chumvi. Kifaa cha kujazia chenyewe kinastahili bei yake, kwa sababu anemoni hunywea na kukaa hivyo siku nzima chumvi ikipanda ghafla.

Pampu: fanya hili hata kama utaacha mengine

Anemoni mgeni hutembea, na hutembea sana usiku, taa zikiwa zimezimwa. Akipita mbele ya mdomo wa pampu, minyiri huvutwa ndani, kisha kiwiliwili. Asubuhi unakuta maji meupe kama ya kuoshea mchele, vipande vimesambaa, na samaki wanahema juu ya maji. Hapo hapotei anemoni peke yake.

Chukua sponji ya matundu makubwa, ile inayopitisha maji ukiimwagia bila kuyazuia, unene wa sentimita 3. Ikate izunguke mdomo wote wa pampu bila kuacha pengo, halafu ifunge kwa tai mbili za plastiki za kufungia nyaya, moja juu na moja chini. Vuta kwa kidole kila upande. Ikisogea, kaza. Pampu itapoteza nguvu kiasi, na hilo lisikutie wasiwasi. Ila osha sponji kila baada ya siku 3, kwa sababu ikiziba pampu hupata moto na mzunguko hufa kimyakimya. Kama una tangi la chini, lile la vichujio lililo chini ya tangi kuu, mahali maji yanapolimwagikia weka wavu wa plastiki wenye matundu ya milimita 5. Hita ihamishie tangi la chini, au ivishe bomba la plastiki lililotobolewa matundu mengi, maana anemoni akijikunja juu ya hita huungua.

Akikutwa amenaswa, zima pampu na usimvute hata kidogo. Ifungue pampu ikiwa ndani ya maji, toa kifuniko, umwache. Mara nyingi hujinasua ndani ya saa chache. Minyiri iliyokatika huota tena. Mguu uliochanika ni habari nyingine.

Hewa ya mlimani na stima inayopotea

Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Maji yako basi hubeba oksijeni pungufu kwa kiwango hichohicho, hata yakiwa safi kabisa. Maelekezo mengi yameandikwa na watu wanaokaa usawa wa bahari, na wanaposema pampu zinaweza kuzimwa saa nzima, wewe hesabu nusu saa. Pampu moja ielekezwe uso wa maji uchemkechemke, na skima, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, iwe kazini mchana na usiku.

Mwezi wa Julai madirisha hufungwa, watu wamejaa sebuleni, pengine na jiko limewashwa. Kaboni dayoksaidi hupanda chumbani, na pH ya tangi hushuka pasipo kosa lolote majini. Pitisha mrija wa hewa wa skima hadi nje ya dirisha. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo isitumike kabisa chumba chenye tangi, kwa kuwa huingia moja kwa moja kupitia pampu ya hewa.

Kwa siku ambazo stima inapotea, nunua mapema pampu ndogo ya hewa ya USB na pawabenki ya mAh 10,000. Zikishirikiana huvuka usiku mzima. Hewa kwanza, joto baadaye. Tangi la lita 200 hupoa polepole, kwa hiyo una muda wa kulizungushia blanketi pande zote nne na kuacha juu wazi. Ikizidi saa kadhaa na maji yakielekea nyuzi 22, elesha tangini chupa za maji moto zilizofungwa vizuri, mbili kwa wakati mmoja. Hita mbili za wati 100 ni salama kuliko moja ya wati 200: moja ikikwama ikiwaka haitapika tangi, na ikifa, nyingine itashikilia.

Kumchagua

Anemoni mzima ameshikilia kitu, mdomo wake umefumba, minyiri inanata ukiigusa kwa kijiti cha plastiki, na rangi yake ina ukahawia au ukijani chini ya rangi nyingine yoyote. Ukahawia huo ni mwani wa seli moja unaoishi ndani ya nyama yake na kumlisha kwa mwanga. Anemoni mweupe pe, hata akipendeza namna gani, ameupoteza mwani huo na ana njaa. Wa manjano iliyokolea kupita kiasi huenda ametiwa rangi. Muombe muuzaji umwone mguu kupitia kioo. Ukiona mpasuko, ondoka.

Uliza pia alikotolewa. Katika hifadhi za baharini za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite kuchukua kiumbe chochote ni marufuku, na mvunaji halali ana leseni. Aliyegawanyika kwenye tangi la mfugaji mwingine hapa mjini ni bora kuliko wote: hakuna aliyembandua mwambani, na maji ya tangi na mwinuko huu ameshavizoea.

Akitoka Mombasa kwa ndege au kwa treni, usishtuke mfuko ukifika umevimba kama mpira. Hewa iliyofungiwa pwani hutanuka inapofika huku juu. Mwambie anayefunga aache nafasi kidogo.

Siku ya kumwingiza

Osha mikono kwa maji matupu hadi mafuta na sabuni viishe, kisha vaa glavu. Mwiba wa anemoni wa vibofu huwasha kidogo tu kwa watu wengi, lakini usijifute jicho. Punguza taa hadi nusu ya nguvu yake.

Acha mfuko uelee dakika 20 ili joto lilingane. Mimina maji na anemoni kwenye bakuli safi, ubakize kama lita moja, na upime chumvi yake. Vuta maji ya tangi kwa mrija mwembamba wenye kivalvu au fundo, yaingie kwa kasi ya kujaza kikombe cha mililita 250 kila dakika 10. Baada ya dakika 40 maji yamekuwa maradufu. Maji ya mfuko yakiwa 1.022 na ya tangi 1.026, sasa uko 1.024. Mwaga nusu, rudia mara moja, utafika 1.025. Basi.

Usifanye hivyo kwa saa tatu. Mfuko uliosafiri muda mrefu una amonia, na kaboni dayoksaidi iliyomo huishusha pH na kuifanya amonia hiyo isiwe kali. Ukifungua, gesi hutoka, pH hupanda, na amonia ileile inageuka sumu. Maji yakinuka au yakiwa na ukungu, linganisha joto, mpe nusu saa, mwingize. Maji ya mfuko yasiingie tangini.

Zima pampu. Mwinue ukiwa umemkinga kwa kiganja chote au kwa bakuli dogo chini yake, kwa sababu akiwa amejaa maji uzito wake mwenyewe unaweza kumchana. Akiwa ameshika bakuli, usimbandue kwa ukucha. Zamisha bakuli tangini umwache aondoke mwenyewe, au umwelekezee mkondo mwembamba wa maji kwa bomba la sindano chini ya mguu.

Mahali unapomweka ni jiwe lenye ufa wa kina cha sentimita 5 hadi 8, upana wa mguu wake, kwenye mwanga wa PAR 150 hadi 250 (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mwani) na mkondo unaotikisa minyiri bila kuipiga. Anapenda kuficha mguu gizani huku kichwa kikiota taa. Jiwe likisimama peke yake kama kisiwa, mchanga mtupu umelizunguka sentimita 15 au 20, atasita kulihama, ingawa hakuna anayeweza kukuahidi. Elekeza mguu kwenye ufa, mshikilie dakika mbili tatu hadi uhisi amenata. Baada ya nusu saa washa pampu, ya mbali kwanza.

Taa zipande asilimia 10 kila baada ya siku 3, hadi zifike kiwango chake cha kawaida baada ya wiki mbili hivi.

Akihama

Siku ya pili unamkuta nyuma ya jiwe. Siku ya nne yuko kwenye kioo. Huko ni kutafuta, na wiki mbili za kutafuta ni kawaida. Akipanda juu anataka mwanga zaidi, akijificha kivulini umempa mwanga mwingi mno au mapema mno, akihamahama bila kutulia pima maji kabla ya kulaumu kitu kingine. Akijisogeza karibu na tumbawe atalichoma, basi hamisha tumbawe, usimhamishe yeye. Kila unapombandua unamrudisha siku ya kwanza.

Akielea tu bila kushika popote kwa zaidi ya siku moja, mtie kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu pamoja na mawe madogo, kikapu kikining'inia penye mwanga wa wastani. Akishika jiwe mojawapo, lichukue jiwe hilo uliweke juu ya ufa mkubwa, ataendelea mwenyewe.

Kunywea si kufa

Anemoni hubadilisha maji ya mwilini. Hunywea hadi awe kama tambara lililolowa, hutema nyuzi za ute wa kahawia, na baada ya saa chache hufutuka tena. Mgeni hufanya hivyo hata kila siku katika wiki ya kwanza. Angalia mdomo. Ukifumba, hata akiwa mdogo kama yai, ana uhai wa kutosha. Mdomo ulio wazi kwa siku nzima, na matumbo yametokeza nje, ni hatari. Ute mweupe unaotoka ukimgusa, nyama inayoachia kama karatasi iliyolowa, na harufu mbaya inayobaki kwenye glavu maana yake amekufa. Mtoe dakika hiyo, badilisha robo ya maji, weka kaboni mpya, ule mkaa wa kusafishia maji, kwenye kichujio.

Chakula

Usimlishe siku 7 za kwanza, wala kabla hajashika jiwe. Kumlazimisha kula ni kosa la upendo linaloua wengi: anameza, hana nguvu ya kusaga, anatapika kipande kimeoza na amonia inapanda.

Baadaye mpe kipande cha kamba mbichi ukubwa wa mbaazi, mara moja kwa wiki. Kamba wa City Market wanafaa, mradi hawakutiwa chumvi, limau wala kiungo. Mmenye, msuuze kwa maji ya RO, mgandishe siku mbili, kisha kata. Omena waache jikoni. Wamekaushwa, na ni samaki wa ziwani. Zima pampu dakika 10, weka kipande kwenye minyiri kwa koleo refu la plastiki. Minyiri itakishika na kujikunja kuelekea mdomoni. Akikiachia, kiondoe usimrudishie. Kama una uduvi wasafishaji wanaomnyang'anya, mfunikie kwa nusu ya chupa ya soda iliyokatwa na kutobolewa hadi amalize kumeza.

Samaki wake

Pwani ya Kenya Amphiprion allardi huishi na anemoni huyu wa vibofu porini, na kwenye matangi hata Amphiprion ocellaris, ambaye hatoki huku, humzoea. Samaki hao humhangaisha mgeni kwa kujisugua, kumvuta minyiri na kumlundikia chakula. Subiri wiki 4. Kama wamo tangini tayari, mfunikie anemoni kikapu chenye matundu makubwa kilichopinduliwa, kilichoshikizwa kwa jiwe dogo, na ukitoe akishafutuka kikamilifu siku 5 mfululizo. Samaki wanaweza kumkubali jioni hiyohiyo, au baada ya miezi, au wasimkubali kamwe. Anemoni hatapungukiwa na chochote wasipomkubali, maana anaishi vizuri bila wao.

Ukiamka siku moja ukakuta wawili palipokuwa na mmoja, amejigawa. Wiki za mwanzo hilo huletwa mara nyingi na msukosuko wa safari. Pima maji, acha taa zilipo, usilishe hadi kila mmoja awe na mdomo uliofumba vizuri, kwa kawaida wiki moja au mbili, kisha anza tena kwa vipande nusu ya ukubwa wa mwanzo.